Moto Uliobaki: Kuisoma Kichwamaji Baada ya Kutoka Kanisani

Uhakiki wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mara nyingi huanzia kwenye swali la kuwepo kwa Mungu. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amepoteza imani, na riwaya husomwa kama mjadala wa kifalsafa kuhusu maisha yasiyo na maana. Mimi nauliza swali dogo zaidi: je, mtu aliyeacha kumwamini Mungu huwa ameacha pia kuuogopa moto wake? Hoja yangu ni kwamba katika riwaya hii mwandishi alimwondoa Mungu lakini jehanamu akaibakiza. Msomaji aliyelelewa kanisani anapaswa kuling'amua hilo, asije akadhani kuwa hofu yake imethibitishwa.

Naandika nikiwa mtu wa Rusizi. Ukristo una mizizi mirefu kwetu: misheni ya Kikatoliki ya Mibilizi ilianzishwa mwaka 1903, na Wapentekoste kutoka Uswidi walianzia kazi yao Gihundwe mwaka 1940. Kanisa nililokulia silitaji. Inatosha kusema kwamba nilifundishwa moto kabla sijafundishwa kusoma. Nilipoacha kusali, imani iliondoka kwa miezi michache. Hofu ilikaa miaka mitatu. Ardhi ya kwetu hutetemeka, na tetemeko la Jumapili ya 3 Februari 2008 liliua watu wakiwa kanisani. Kila kitanda kilipotikisika usiku, mwili wangu ulitubu kabla akili haijaamka.

Ni katika hali hiyo nilipoisoma Kichwamaji kwa ajili ya somo la fasihi. Manase, mkuu wa wilaya, anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumwoa. Baadaye ugonjwa unaingia nyumbani, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa na kufa, na Kazimoto anajiua. Tuutazame msuko huu kwa makini. Hakimu hayupo, lakini hukumu ipo. Kuzimu hakutajwi kama mahali pa mateso, lakini tendo la mwili linalipwa kwa mwili, hadi kwa mtoto asiye na hatia. Mhubiri angeweza kuisimulia riwaya hii mimbarani bila kubadili tukio hata moja, kisha akauliza: mmeona mwisho wa aliyemwacha Mungu?

Mtu anaweza kunijibu kwamba Kezilahabi alisawiri tu jamii ya wakati wake, na kwamba magonjwa ya namna hiyo ni uhalisia. Nakubali kwa sehemu. Hata hivyo, simwoni humo mhusika aliyeacha imani kisha akaendelea kulima, kupenda na kulea watoto. Kupoteza imani na kupoteza uhai vimefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja. Huo ndio udhaifu wa kimaudhui ninaouona katika kazi hii kubwa.

Cha ajabu ni kwamba riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, ilinisaidia zaidi ingawa Mungu yumo. Baada ya kifo, Rosa na baba yake Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu. Binti aliyelelewa kwa vitisho na kipigo anamlaumu aliyemtisha. Hapo picha ya hukumu inageuzwa: anayeulizwa si mwenye hofu peke yake, bali pia aliyeipanda hofu hiyo. Kezilahabi alisoma katika seminari ya Nyegezi, kwa hiyo aliifahamu lugha ya hukumu kutoka ndani, na katika kazi hii aliitumia dhidi ya wenye kuitumia vibaya.

Maneno yenyewe nayo yana somo. Biblia ya Kiswahili ina kuzimu na ina jehanamu. Jehanamu imesafiri kutoka mbali: asili yake ni bonde la Hinomu, nje ya Yerusalemu. Kuzimu ni neno la Kibantu ambalo Mnyarwanda hulielewa bila kamusi: ikuzimu, waliko abazimu, yaani wafu wetu. Simaanishi kwamba wahenga hawakuujua moto. Katika ibada ya Ryangombe, watu wasioingizwa walisemekana kutupwa katika moto wa volkano baada ya kufa. Nilipoilinganisha mioto hii miwili ndipo nilipoiona kazi yake: kila mmoja ni uzio, nao humwakia zaidi yule anayetaka kutoka au aliyekataa kuingia. Ukishautambua uzio, unaweza bado kuogopa kuuruka, lakini hudhani tena kwamba ndio mwisho wa dunia. Siku hizi ardhi ikitikisika natoka nje kama jirani zangu waumini, nawahesabu watu wa nyumbani, narudi kulala.

Wazee wetu huuliza: bila moto, nani atamzuia mtu asitende uovu? Swali hili ni zito, na kwetu haliwezi kujibiwa kwa nadharia tupu. Mwezi Aprili 1994, katika uliokuwa mkoa wa Cyangugu, Watutsi waliokimbilia parokia za Mibilizi na Shangi waliuawa humo humo. Miongoni mwa wauaji walikuwemo waliobatizwa, na mafundisho ya moto walikuwa wameyasikia. Waliowaficha jirani zao, wawe waumini au la, walihatarisha maisha yao kwa ajili ya mtu aliyesimama mlangoni. Siwezi kujua nani kati yao aliwaza jehanamu wakati ule. Najua tu kwamba hofu hiyo haikutosha kuuzuia mkono wa muuaji.

Kwa hiyo sipendekezi Kichwamaji iachwe. Napendekeza isomwe darasani sambamba na Rosa Mistika, na pamoja na maswali ya kawaida ya fani na maudhui tuulize jingine: adhabu katika hadithi hii inatoka wapi, na inamtisha nani? Miongoni mwetu wamo wanafunzi waliotoka makanisani kimya kimya na bado wanalala wakiogopa. Kwao swali hilo si la mtihani tu.