Mkono Kwenye Darubini

Mtoto wa tatu kwenye foleni alichungulia, akanyamaza, kisha akapiga kelele: "Mwalimu, imetoroka!" Sayari ya Mshtarii ilikuwa imetoka kwenye lenzi. Mwelekezaji wetu, dada mmoja aliyejifunga leso kiunoni kwa ajili ya baridi, aliinama, akalenga upya kwa kidarubini cha pembeni, akaisukuma darubini kubwa kwa ncha za vidole viwili, kiasi cha upana wa ukucha. "Haijatoroka," akamwambia. "Sisi ndio tunaozunguka. Tazama tena."

Tulikuwa Uthiru, Januari, saa mbili usiku, kwenye uwanja wa shule usio mbali na Waiyaki Way. Upande wa mashariki anga lilikuwa na rangi ya chungwa kwa taa za Westlands na za mjini, na juu ya mwangaza huo Mshtarii ilikuwa imetulia, nyeupe, haimetimeti. Watoto walipita themanini. Darubini ilikuwa moja.

Nieleze ugumu wa kazi hii, maana fundi mzuri huuficha. Ukiikuza sayari mara 150, umeukuza na mwendo wa dunia vilevile. Dunia hugeuka nyuzi 15 kila saa, na kipande cha anga kinachoingia kwenye lenzi ni kidogo kuliko mwezi mpevu, kwa hiyo sayari hukikata na kupotea kabla ya dakika mbili kwisha. Zipo darubini zenye mota ya kuifuata nyota. Hii haikuwa nayo: bomba pana juu ya kibao kinachozunguka, na chini ya bomba kioo cha sentimita 30. Kioo cha upana huo hukusanya mwanga mwingi karibu mara 1,800 kuliko mboni ya jicho iliyozoea giza, lakini hakijui kufuata chochote. Anayefuata ni mtu. Tena lazima atoe chombo nje kabla ya magharibi ili kioo kipoe kilingane na hewa, la sivyo sayari itacheza-cheza kama kitu unachokitazama juu ya jiko la makaa. Kisha awe na jicho la pili kwa watoto wenyewe: huyu amefumba jicho lisilofaa, yule ameshika bomba kama ngazi, mwingine amesema "nimeona" kwa sababu anaona aibu kusema hajaona.

Huyo wa mwisho ndiye anayempima fundi. Dada yule alimuuliza swali moja tu: "Umeona vidoti vingapi pembeni?" Mtoto akanyamaza, akarudi kwenye lenzi, akakaa. "Vinne," akasema baadaye, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Ni miezi ile minne aliyoiona Galileo mwezi wa Januari 1610. Mwanga alioupokea mtoto yule ulikuwa umeondoka Mshtarii dakika 35 hivi kabla, foleni ilipokuwa bado inapangwa.

Anayeijua kazi hii jijini Nairobi hawezi kuitaja bila kumtaja Susan Murabana. Alianza mapema miaka ya 2000 kwa kujitolea kufundisha sayansi mashuleni pamoja na shirika la Cosmos Education, akiwa amesomea uchumi na sosholojia. Baadaye akasoma shahada ya uzamili ya astronomia kwa njia ya masafa, katika Chuo Kikuu cha James Cook cha Australia. Mwaka 2014 yeye na mumewe, Chu Owen, wakaanzisha The Travelling Telescope, darubini inayowafuata watoto walipo, pamoja na kuba la kupuliza hewa ambamo anga huonyeshwa hata mchana. Kisha wakajenga kuba la kudumu hapa Nairobi, wakalijenga kwa mianzi. Kwangu mianzi hiyo ina maana kubwa. Mtoto anayeingia anakuta anga limefunikwa kwa kitu alichokiona kikiota kando ya mto.

Wapo wanaodhani kwamba kuwaonyesha watoto nyota ni kazi ya pembeni, na utafiti ndio kazi yenyewe. Sikubaliani nao. Utafiti nao upo: shuka Chiromo, bondeni kati ya mjini na Westlands, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha fizikia. Chuo hicho kina shahada ya astronomia na astrofizikia, na chuo hicho hicho ndicho kilichounda setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Nyuma zaidi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Ikaitwa Uhuru, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Lakini waliobuni chombo chenyewe walikuwa wa kwingine, kikundi cha Riccardo Giacconi huko Marekani. Wa kwetu watakaobuni vyombo vijavyo lazima kwanza waone vidoti vinne.

Saa tatu ilipokaribia, dada yule aliwaambia watoto wainue nyuso, karibu na utosi. "Kile kishada kinaitwaje?" Mtoto mmoja, ambaye bibi yake ni mtu wa pwani, akajibu: Kilimia. Jina limetokana na kulima. Wakulima walikitazama kikizama na kuzuka ili wajue mvua iko wapi. Nilifurahi kwamba dada yule hakuanza na jina la Kigiriki.

Mawingu nayo yana darasa lake. Julai na Agosti Nairobi hufunikwa wiki nzima bila nyota hata moja, na fundi hubaki akipangusa vyombo vyake. Tarehe 3 Novemba 2013, watu walisafiri hadi Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, kutazama jua likipatwa lote kwa sekunde zisizofika 20. Dhoruba ya vumbi na mawingu ikaja dakika zile zile. Mtu anayebaki katika kazi hii baada ya siku kama hiyo, mimi namvulia kofia.

Usiku ule wa Uthiru ilinichukua muda kugundua jambo moja. Kila alipolenga upya, dada yule hakuiweka Mshtarii katikati. Aliiweka ukingoni, upande inakoingilia, ili dunia yenyewe iivushe hadi upande wa pili. Hivyo kila mtoto alipata safari nzima, bila haraka, naye akapata muda wa kumwandaa anayefuata.

Foleni ilipokwisha, mlinzi wa lango alikuwa bado amesimama kando, rungu kwapani. "Karibu mzee," dada yule akamwita. "Jicho la kulia." Alikuwa ameshailenga, ukingoni, kabla mzee hajafika.