Moto wa Shingoni, Si wa Kitakoni

Bunduki ya Martini-Henry, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871 na kuenea baadaye katika dola yake yote, leo ni kitu cha makumbusho. Na yule mwenye idhini ya kuipiga hata sasa hapati taabu na chuma chake, bali na ganda la risasi yake, ambalo viwanda vingi vimekwisha acha kulifua. Jinsi mafundi walivyoishinda shida hiyo ni mas'ala yanayostahili kutazamwa kwa makini, hasa na sisi wa Machakos, kwa sababu nusu ya elimu yake ilikuwako Ukambani kabla Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki haijajenga kituo chake hapa mwaka 1889.

Ganda hilo ni shaba ya manjano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, na madini haya yana tabia moja isiyobadilika: kila yanapofuliwa, kuvutwa au kukunjwa huwa magumu, na ugumu ukizidi hupasuka, wala hayarudii ulaini wake ila kwa moto. Fundi wa mikufu wa Kikamba, aliyepata masango yake, yaani waya wa shaba, kwa biashara ya misafara ya pwani, hakuhitaji kitabu cha kumfundisha hayo, maana uzi uliopita matundu mengi ya chamburo, yaani chuma cha kuvutia waya, hudai moto wenyewe. Na ajabu ni hii, kwamba panga lililotiwa motoni kisha majini hutoka gumu, lakini shaba hiyo, ipoe polepole au izimwe ghafula, hutoka laini.

Ganda la kwanza la Martini-Henry lilikuwa bati la shaba jembamba kama karatasi, lililoviringishwa. Na huko Sudan, katika vita vya Abu Klea vya Januari 1885, lililalamikiwa sana kwa kukwama ndani ya bunduki iliyopata moto, hata likaachwa, na mahali pake pakashikwa na ganda la shaba nzima. Mafundi wa siku hizi huanza na ganda refu la shaba la bunduki ya marisau ya kipimo cha 24, ambalo unene wake wakaribia ule unaotakiwa. Hulikata lifikie urefu unaotakiwa, hulilainisha kwa moto sehemu ya juu, kisha hulisukuma katika kalibu kidogo kidogo, wakirudia moto na kalibu hata shingo ijifinye ipasavyo. Kwani anayetaka kuimaliza kazi kwa msukumo mmoja hupata makunyanzi badala ya shingo.

Hapa ndipo ilipo nusu ya pili ya elimu, ambayo mfua mikufu hakuwa na haja nayo. Uzi wake ulikuwa wa kulainishwa wote, lakini ganda ni kitu kimoja chenye kazi mbili: shingo sharti ilegee ili ivimbe na kuziba mvuke wa baruti, na kitako sharti kiwe kigumu ili kihimili nguvu ya mvuke huo karibu na uso wa mpigaji. Basi fundi hulisimamisha ganda katika sahani ya maji, ili moto ule shingo na maji yalinde kitako. Na ganda lililolainishwa kitakoni kwa kughafilika kwa mkono hutupwa bila ya huruma.

Ganda lililokwisha pigwa huchunguzwa upya kila mara: shingo kwa jicho, na ndani, juu kidogo ya kitako, kwa waya uliokunjwa ncha, utakaonasa mfuo mwembamba palipoanza kuachana. Tena lisisafishwe kwa amonia. Huko Uhindi maganda ya risasi yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa mvua, na mwaka 1921 ikabainishwa kwamba amonia iliikuta shaba ingali na dhiki ya kufuliwa, ikaipasua.

Hukumu yangu ni kwamba katika kazi hii mashine ni duni kuliko busara ya kujua moto uishie wapi. Na katika Kenya, ambako Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haimwachii raia kujitengenezea risasi kwa hiari yake, anayeyasoma haya na ayapokee kama elimu ya madini. Mwenye haja ya kuijaribu mikononi mwake, shaba ya mkufu inatosha.