Makasha Manne kwa Amplifaya Moja

Sherehe ifanyikapo uwanjani Dongobesh, katika njia itokayo Mbulu kwenda Haydom, sauti ikisikika vyema sifa huiendea kwaya, na amplifaya ikiungua lawama humwendea fundi wa vyombo peke yake. Kwa hiyo nataka kueleza kwa bayana kazi aifanyayo nyuma ya makasha ya spika kabla ya wageni kuketi, maana huko ndiko aghalabu heri au hasara ya siku nzima huamuliwa.

Tuseme anayo makasha manne, kila moja la omu 8, na amplifaya moja iliyoandikwa mgongoni kwamba hutoa wati 200 kwa omu 8, na kwamba haistahimili mzigo ulio chini ya omu 4. Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm wa Ujerumani mwaka 1827, wati hizo ni volti 40 zikisukuma ampea 5. Amplifaya ya transista hujaribu kushika volti zake pale pale, mzigo uwe wowote, hata kadiri omu zinavyopungua ndivyo mkondo unavyozidi: omu 4 hudai ampea 10, na omu 2 hudai ampea 20.

Linalowapoteza wengi ni matundu mawili yaliyo nyuma ya kasha. Waya utokao kwenye amplifaya huingia tundu moja, na mwingine hutoka tundu la pili kwenda kasha la jirani, basi mtazamaji hudhani kwamba makasha yamefuatana kwa mfululizo, ilhali ndani matundu hayo yameungwa sambamba. Naye aliyeunganisha makasha manne kwa namna hiyo amekwisha kuishusha impidensi, yaani omu za mzigo wote, hadi omu 2 pasipo kukusudia. Amplifaya yenye kinga itajizima katikati ya hotuba. Isiyo na kinga itaunguza transista zake.

Fundi mjuzi huyaunga makasha mawili mawili kwa mfululizo, hasi ya la kwanza ikishikana na chanya ya la pili, kila jozi ikawa omu 16, kisha huziunga jozi hizo mbili sambamba, na mzigo wote ukarudi kuwa omu 8, kila kasha likipata wati 50. Sharti makasha yawe ya aina moja, kwani katika mfululizo lenye omu nyingi zaidi hutwaa sehemu kubwa ya nguvu. Kadhalika koili ya spika moja ikikatika, mwenzake katika jozi hunyamaza pia; walakini kwa maoni yangu bora nusu ya makasha yanyamaze kuliko amplifaya kuteketea. Mwenye amplifaya ya chaneli mbili, kila moja ikikubali omu 4, hana haja ya mfululizo: makasha mawili sambamba kwa kila chaneli yamtosha.

Waya nao una hesabu yake. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 30 na kurudi, una ukinzani wa omu 0.7 hivi, nao kwa mzigo wa omu 4 hula takribani asilimia 15 ya nguvu kabla haijafika kwenye spika. Kwa omu 8 hula kama nusu ya hiyo. Hii ni sababu nyingine ya kuupenda mzigo wa omu 8 katika uwanja mpana.

Mita ya fundi, kwa kuwa hupima kwa mkondo wa betri yake, husoma karibu 6 kwenye spika ya omu 8, wala hilo si kasoro. Basi, ewe fundi uliyeunga makasha manne kwa jozi, pima mwisho wa waya wako kabla ya kuuchomeka: ukisoma 6 au 7, washa, ukisoma 1 au 2, usiwashe, bali fungua nyaya uziunge upya.