Ngoma Iliyobanwa

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Siku hizi haipasuki, hubanwa.

Ninayo kanda ya mwaka 1984, ya ngoma ya wanachuo wetu iliyorekodiwa ukumbini. Mpigaji alikuwa mwalimu mwenzangu, sasa marehemu. Mjukuu wangu aliiingiza katika kompyuta, akaipitisha kwenye kompresa, kisha akaniita: "Babu, njoo usikie." Sauti ilijaa chumba kizima. Lakini mkono wa marehemu sikuutambua.

Kompresa, msomaji wangu, ni chombo cha kupunguza tofauti baina ya sauti kubwa na ndogo. Fundi huweka kizingiti, na sauti inayokivuka hushushwa. Kwa uwiano wa nne kwa moja, kila desibeli 4 zinazokivuka hutoka 1 tu. Kisha yote hupandishwa kwa pamoja, na kilichokuwa mnong'ono huja mbele. Chombo kikishika upesi mno, hukata kichwa cha pigo, yaani ule mgongano wa kiganja na ngozi, ukabaki mvumo mtupu.

Sisemi kwamba chombo hiki ni kibaya. Mwaka 1966, huko London, fundi kijana wa miaka 20, Geoff Emerick, alisogeza maikrofoni karibu na ngoma za Ringo Starr, akasokomeza sweta ndani ya ngoma kubwa, akaibana sauti yake kwa nguvu kwa kompresa ya Fairchild. Wimbo "Tomorrow Never Knows" wa Beatles ukapata ngoma nzito, inayovuta pumzi baada ya kila pigo. Pale kubana kumefaa, kwa kuwa wimbo ule umesimama juu ya mvumo mmoja na mapigo yanayojirudia. Usawa ndiyo maana yake.

Ngoma ya mwenzangu haikuwa hivyo. Alipiga kwa nguvu mara chache. Pigo dogo liliwaita waimbaji. Pigo kubwa liliwaruhusu wachezaji kuingia uwanjani. Aliyezoea aliyajua kama anavyojua sauti ya mtu anayebisha hodi. Ukiyasawazisha mapigo hayo, umefuta maneno ukabakiza kelele.

Nilimweleza mjukuu, naye hakubisha. Alishusha uwiano hadi mbili kwa moja, akakichelewesha chombo kushika kwa milisekunde 30 ili kichwa cha pigo kipite kwanza. Tukasikiliza tena. Mapigo madogo yalisikika vizuri kuliko katika kanda yenyewe, hilo nakiri, ingawa mkwaruzo wa kanda nao ulipanda. Kisha likaja lile kubwa, baada ya kimya kifupi alichopenda kukiacha.

"Ndiye huyo," nikasema. Mjukuu, ambaye hakuwahi kumwona, akairudisha kanda mwanzo.