GUNSMOKE: SHERIA YA NANI?

Hakuna sanaa isiyokuwa na itikadi, hata ile inayodai kuwa ni burudani tu. Tuuchukue kama mfano mchezo wa redio wa Marekani uitwao Gunsmoke, uliotangazwa na shirika la CBS tangu mwaka 1952 hadi 1961. Unamhusu Matt Dillon, mlinzi wa sheria katika mji wa Dodge City, jimbo la Kansas, katika miaka ya 1870.

Kwanza tuutendee haki. Norman Macdonnell na John Meston, waliouanzisha, hawakutaka kauboi wa hadithi za watoto. Dillon, kwa sauti nzito ya William Conrad, ni mtu aliyechoka. Anaua kwa huzuni, na mara nyingine huchelewa kumwokoa asiye na hatia. Kwa upande wa fani mchezo umefaulu: kishindo cha buti juu ya mbao, kisha kimya, na msikilizaji anajua kwamba kifo kimeingia. Mhakiki anayeuita upuuzi wa kibeberu, basi, hajausikiliza.

Kasoro imo katika maudhui. Kila wiki mwovu hutokea, na kwa nusu saa shauri lake humalizika. Wiki ifuatayo hutokea mwingine. Wanatoka wapi? Mchezo haujibu, bali historia yajibu. Mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867 uliwabana Wakiowa, Wakomanche na Wacheyenne wa kusini katika maeneo ya kutengwa. Mwaka 1872 reli ilifika Dodge City, na ngozi za nyati zikasafirishwa mpaka makundi yao yakateketea. Kisha wakaja ng'ombe kutoka Texas, pamoja na wachungaji ambao mishahara yao iliishia mikononi mwa wenye vilabu vya pombe na kamari. Hao ndio waliohitaji utulivu.

Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji 45 tu katika miji 5 ya ng'ombe ya Kansas kati ya mwaka 1870 na 1885. Kumbe risasi za kila wiki ni za redio kuliko za Dodge City. Unyang'anyi mkubwa, yaani wa ardhi, ulifanywa kwa mikataba, jeshi na reli. Ni kweli kwamba baadhi ya michezo hii inawahurumia wenyeji. Lakini huruma hiyo haigusi umilikaji wa ardhi.

Hivyo msikilizaji hufundishwa kuuliza kama mlinzi ni mwema, asiulize analinda mali ya nani. Kada ye yote aliyeizoea fikra hiyo atangojea kiongozi mwema badala ya kuuandaa umma. Wajibu wetu ni kujifunza ufundi wa mchezo huu, na papo hapo kuifichua itikadi yake mbele ya wanafunzi wetu.