Kutu haikai popote tu

Bandugu, wiki hii nimeangalia kazi za vijana wetu wanaotafuta nafasi ya kutengeneza modeli za michezo ya video, ile ya mtindo wa katuni. Ngao, shoka, pipa la mafuta. Maumbo ni mazuri, sibishi. Lakini chuma chao kinachokesha macho: makwaruzo kila mahali, kutu kila mahali, sawasawa toka juu mpaka chini, kama vile mtu amenyunyiza pilipili. Si wao walipaka, ni programu. Unabonyeza "chuma kizee", imekwisha.

Angalieni World of Warcraft ya 2004. Ordinateri za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo, basi wachoraji wa Blizzard walipaka mwanga na kivuli kwa mkono ndani ya tekstura yenyewe. Bega la chuma linang'aa upande wa juu hata mhusika akiingia pangoni. Ni uongo, lakini tunaukubali, juu kila alama imewekwa na mtu aliyejua anataka tuangalie wapi. Team Fortress 2 ya Valve, 2007, iliacha mchezo wenyewe uhesabu mwanga. Tekstura zake zikabaki na brashi pana na mambo madogo-madogo machache, ili adui atambulikane haraka kwa umbo lake. Njia mbili tofauti, na hakuna hata moja inayomwaga makwaruzo ovyo.

Sasa chukueni jembe la mama shambani. Ukingo wake unang'aa, juu udongo unausugua kila siku. Pale mpini unapoingia kuna kutu nzito, njo maji yanabaki pale. Katikati ni kahawia tu, kimya, na ile sehemu ya kimya njo inayopumzisha jicho. Ukipaka hizo sehemu tatu, mtu anajua jembe limefanya kazi gani, bila kwaruzo hata moja. Halafu rangi: kijivu peke yake hakitoshi. Weka bluu nzito mu kivuli, rangi ya joto kwenye mwanga, na giza likae karibu kabisa na weupe. Ule mruko wa ghafla njo unaosema "hii ni chuma." Kutu nayo iwe zambarau ndani ya pembe, machungwa ukingoni.

Na sisi wa Katanga tuone haya kidogo: nimekuta kikombe cha shaba kimepakwa kutu nyekundu! Shaba inakuwa kahawia, inakuwa nyeusi, halafu kijani. Mtoto wa Lubumbashi aliyeshika malakite mkononi anakosaje hiyo?

Ninakasirika juu mtindo huu ungefaa sana kwetu. Chuma cha kupakwa kwa mkono kinaweza kutosheka na picha moja ya rangi; Krita na Blender ni za bure, na ordinateri dhaifu inaziweza kazi hiyo. Lakini ukiacha kifungo kikupakie, yule anayetafuta mfanyakazi anacho kifungo hichohicho. Atakulipa ya nini?

Wewe wa pipa la mafuta: futa kutu yote. Rudisha ile ya chini, pipa linapokaa mu maji, na ile inayoshuka toka kwenye kifuniko. Halafu utume picha tena.