Uhuru wa Nani?

Maandishi mafupi kuliko yote ya Kiswahili niliyowahi kuyasoma kwa makini yana neno moja tu: Uhuru. Ni jina la setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala. Aliyeipa jina ni Marjorie Townsend, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa meneja wa mradi huo katika kituo cha Goddard cha NASA. Naomba tulisome jina hili kama tunavyosoma shairi: nani kalitunga, kwa ajili ya nani, na limeacha nini nje.

Tuanze na mtunzi. Meneja wa mradi wa sayansi ya anga hagundui nyota. Yeye huhesabu fedha, siku na kilo. Huwasikiliza wanasayansi wanaotaka chombo kikubwa zaidi, kisha huwakumbusha uwezo wa roketi. Uhuru ilikuwa na takriban kilo 140, ikabebwa na roketi ndogo aina ya Scout iliyorushwa na Waitaliano. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Riccardo Giacconi, aliyeongoza upande wa sayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Katika kazi yote ya Townsend, sehemu ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuiona ni neno lile moja.

Wanaosimulia kisa hiki mara nyingi huishia hapo: mwanamke mhandisi, zama ambazo wanawake walikuwa wachache katika kazi hiyo, akawashukuru wenyeji kwa lugha yao. Ni kisa kizuri. Tatizo ni kwamba kinasimuliwa kama bango la mradi. Ukisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni utayaona mabango hayo kando ya barabara: mfadhili, mkandarasi, mhandisi mshauri. Waliochimba mitaro hawamo. Katika kisa cha Uhuru nako, Wakenya waliofanya kazi kambini hutajwa kwa jumla, au hawatajwi kabisa.

Nilimsimulia shangazi yangu wa Handeni, mkulima wa mahindi. Roketi haikumshangaza. Aliuliza, "Uhuru wa nani, mwanangu?"

"Wa Kenya, shangazi."

"Na chombo?"

"Cha Wamarekani."

"Na hilo jukwaa?"

"La Waitaliano."

Akaendelea kupukuchua mahindi yake.

Ni rahisi, baada ya maswali hayo, kusema jina lilikuwa pambo tu. Sikubaliani. Mahali penyewe palihitajika. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi, na njia inayofuata ikweta huiepusha setilaiti na eneo la mionzi linalovuruga vipimo. Jina lilikiri deni la kweli. Tena limedumu: orodha ya nne ya Uhuru ina vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo wanaastronomia huviita kwa alama inayoanza na 4U. Hiyo U ni ya neno letu.

Hata hivyo, lilinganishe na Kilimia. Jina hilo limetokana na kulima. Waliolitunga walizitazama nyota hizo ili wajue msimu wa mvua na kazi ya shamba. Nyuma yake kuna methali, mazungumzo, ubishi wa wazee. Nyuma ya Uhuru ya angani, kwa Kiswahili, kuna maneno machache mno. Lugha yetu ilitoa jina, kisha simulizi lote likaendelea kwa Kiingereza na Kiitaliano.

Lawama hiyo siwezi kumtwika Townsend. Meneja humaliza mradi na kuukabidhi. Upungufu uliobaki ni wetu sisi tunaojiita waandishi wa masimulizi ya kweli. Nataka kusoma habari za mpishi, nahodha wa boti na fundi waliokuwa zamu Malindi siku ile, zikisimuliwa kwa Kiswahili, na wao wenyewe au na watoto wao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa amepita 70. Anayekusudia kwenda kuwauliza asingoje.